Darasani napita, wodini nababaika: nijipange vipi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nakaa Likoni na mazoezi ya wodini nayafanyia kisiwani Mombasa. Mitihani ya kuandika napata alama nzuri, balaa liko wodini. Mwalimu akinisimamia mikono inatetemeka, hesabu za dripu zinanipotea, na mpango wangu wa uuguzi umerudishwa mara mbili umejaa kalamu nyekundu. Kitabu cha prosija, kile cha kusainiwa kazi za mikono tulizofanya, nusu yake hakijasainiwa, na mwezi ujao naingia leba, wodi ya kujifungulia. Usiku nasoma mpaka nasinzia juu ya daftari. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, bidii unayo. Tatizo ni kwamba kitabu chako na wodi yako havijakutana. Usiku unasoma figo kwa sababu silabasi imefika kwenye figo, asubuhi unakabidhiwa mama mwenye moyo uliochoka, miguu imevimba, na hujui uanzie wapi. Mgeuze mgonjwa awe ndiye silabasi. Kila zamu, wakati wa ripoti, chagua mgonjwa mmoja awe wako wa kusoma, hata kama umepangiwa vitanda sita. Katika kijitabu cha mfukoni andika kilichomleta kwa maneno yake mwenyewe, ugonjwa aliotambuliwa nao, dawa zake zote, na mambo ambayo hukuyaelewa. Usiandike jina lake wala namba ya faili. Kijitabu kikidondoka kwenye feri, siri yake isidondoke nacho.

Usiku soma hayo tu, dakika 45, kisha ulale. Tuseme ni huyo mama wa moyo, anapewa frusemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Jiulize kwa nini anapewa asubuhi (akipewa jioni atakesha chooni), kwa nini anapimwa uzito kila siku, kwa nini madaktari wanauliza potasiamu yake, kwa nini hawezi kulala bila mito mitatu. Ukitafuta majibu hayo utajikuta umesoma mzunguko wa damu, figo na chumvi za mwilini kwa pamoja. Uzito apimwe kwa mizani ile ile, saa ile ile, akishakojoa na kabla ya kunywa chai. Kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni karibu lita moja ya maji, maana hakuna anayenenepa kilo moja kwa usiku mmoja. Ukifika Ijumaa una wagonjwa watano, na swali la moyo likitoka kwenye mtihani utamwona mama yule mbele yako.

Kwa kuwa unavuka Likoni, hesabu foleni ya feri kama sehemu ya zamu na ufike kabla ripoti haijaanza. Anayekosa ripoti hufanya kazi siku nzima bila kujua nani alitapika usiku na nani dripu yake imetoka.

Kabla ya vipimo, tuzungumzie lugha. Kadeksi, yaani kumbukumbu ya wauguzi juu ya mgonjwa, inaandikwa Kiingereza, mgonjwa anasema Kiswahili cha mtaani kwake, au Kigiriama, Kidigo, Kitaita, kwa sababu hospitali kuu ya Pwani, ile Makadara, inapokea watu wa eneo zima. Mtu akikwambia ana kichomi, usikimbilie kuandika nimonia. Muulize anachomwa wapi, akivuta pumzi kunazidi, kuna kikohozi? Akisema mshipa, huenda ni henia, huenda ni busha, huenda ni maumivu ya kiuno tu. Halafu kuna saa. Mama akikwambia uchungu ulianza saa nane usiku, hiyo ni saa 0200 kwenye chati. Mwanafunzi aliyechoka huandika 2000, na kwa kosa hilo mama anaonekana yuko kwenye uchungu saa sita zaidi ya ukweli. Daktari ataamua mambo makubwa kwa kutazama saa uliyoiandika. Kila unapoandika saa aliyokutajia mgonjwa, irudie kwake: "Alfajiri kabla ya adhana, au jioni?"

Vipimo vya kila siku wanafunzi wengi huvidharau, na ndivyo vinavyowaangusha. Anza na presha. Mgonjwa apumzike dakika tano, asiwe na mkojo uliombana, asiongee, mgongo uegemee, mkono ulazwe usawa wa moyo. Mkanda usifungwe juu ya mkono wa buibui. Omba ruhusa, vuta pazia, fungua. Sehemu ya mkanda inayojaa hewa izunguke takriban asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwa mama mnene hutoa presha ya juu isiyokuwepo, na mkono unaoning'inia hufanya vivyo hivyo. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza hewa mpaka yapotee, ongeza 30, kisha shusha 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiachia hewa kwa pupa utalipita pigo la kwanza na presha ya juu itasomeka chini ya ilivyo.

Pumzi ndiyo kipimo kinachobuniwa kuliko vyote. Tazama shiti za wodi nyingi: wagonjwa wote wanapumua 20. Hesabu dakika nzima, na usimwambie unachohesabu, maana ataibadili bila kujua. Endelea kushika kifundo kana kwamba bado unahesabu mapigo. Mtu mzima ni 12 hadi 20. Kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi za haraka ni 60 au zaidi kama hajafika miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Pumzi hubadilika mapema, mara nyingi kabla presha haijaanguka. Ukiandika 20 ya kubuni umemnyang'anya mgonjwa onyo lake la kwanza. Nasema hili kwa uzito: kama hukupima, acha nafasi wazi na useme hukupima.

Sasa dripu. Kanuni ni mililita mara matone ya seti, gawanya kwa dakika. Matone ya seti yameandikwa kwenye pakiti. Nyingi za watu wazima ni 20 kwa mililita, za watoto ni 60. Daktari ameandika mililita 1,000 kwa saa 8: 1,000 mara 20 ni 20,000, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Njia ya mkato, kwa seti ya 20 tu: tafuta mililita kwa saa, gawanya kwa tatu. Hapo ni 125 kwa saa, gawanya kwa 3, 42 ile ile. Seti ya 60 ni rahisi zaidi, kwani mililita kwa saa ndizo matone kwa dakika. 30 kwa saa ni matone 30. Wanaokosea huwa hawajageuza saa kuwa dakika, au hawakusoma pakiti.

Hesabu ikiwa sawa, dripu yenyewe bado inaweza kukusaliti. Mgonjwa akikunja kiwiko inasimama, akiinuka inabadilika, na jamaa aliyekuja na uji akiona chupa haiishi hufungua gurudumu ili "dawa iingie". Bandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa, uandike saa na kiwango kinachotakiwa kubaki: saa mbili 1,000, saa tatu 875, saa nne 750. Hivyo hata sista anayepita mlangoni anaona kama imechelewa. Rudi baada ya dakika 15, kisha kila saa. Ikichelewa usiifungue ikimbie kufidia. Toa taarifa ihesabiwe upya. Mombasa kuna jasho, na plasta ya kanula, kijibomba cha mshipani, hubanduka: futa, kausha ngozi kabisa, ndipo ubandike.

Dawa za watoto zina mtego wake. Mtoto wa kilo 8 ameandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 7.5 kwa kilo, mara moja kwa siku: 60. Kichupa kina 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita, kwa hiyo unavuta 1.5. Lakini vichupa vya jentamaisini havilingani. Kuna chenye 10 tu kwa mililita. Ukivuta 1.5 ile ile kutoka humo mtoto amepata 15, robo ya dozi, na kwenye shiti imesainiwa kwamba kapewa. Soma lebo unapokitoa kabatini, unapovuta, na kabla ya kukiweka chini. Andika 0.5 na sio .5, andika 5 na sio 5.0, kwa kuwa nukta hufifia kwenye karatasi. Na kloridi ya potasiamu haipigwi mshipani bila kuchanganywa, hata ukiamrishwa kwa haraka kiasi gani, inasimamisha moyo.

Kuhusu mikono kutetemeka: inatetemeka kwa sababu kichwa kinafanya kazi mbili, kukumbuka hatua na kutafuta vifaa. Ondoa moja. Panga troli kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio utakaotumia, kisha kabla ya kumwita mwalimu simama mbele yake na uzitaje hatua kwa sauti ndogo huku ukigusa hewani juu ya kila kifaa. Ukikuta kimoja hakipo, umekigundua kabla hujavaa glavu.

Chukua mfano wa kuweka katheta, mpira wa kutoa mkojo, kwa mama, kwa sababu wengi hubabaikia hapo. Mwombe ruhusa, funga pazia, mfunike kwa leso yake mpaka dakika ya mwisho, na kama wewe ni mvulana uwe na muuguzi wa kike kando. Taa iwe nzuri. Nusu ya wanaoshindwa hawakuona, si kwamba hawakujua. Mkono uliofungua midomo ya uke hauachii tena mpaka katheta imeingia, maana ukiachia, pale ulipokwisha kusafisha pamechafuka. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, karibu sentimita 4. Ingiza sentimita 5 hadi 7 mpaka mkojo utoke, kisha sukuma 2 hadi 5 zaidi, ndipo ujaze puto kwa maji safi ya sindano, kiasi kilichoandikwa kwenye katheta. Usijaze puto kabla ya kuona mkojo, kwani puto likivimba ndani ya mrija linauchana. Ikiwa katheta imeingia ukeni, iache hapo hapo iwe alama, chukua mpya iliyo safi, elekeza juu ya ile ya kwanza. Mwalimu akikuona unafanya hivyo kwa utulivu anakupa alama, kwa sababu anajua umeelewa.

Sasa mpango wa uuguzi, ile kea plani inayorudishwa. Nadhani kosa lako ni la kawaida: umeandika ugonjwa wa daktari mahali pa tatizo la kiuguzi. Mama yuko siku ya kwanza baada ya upasuaji wa kujifungua. Ukiandika "upasuaji wa kujifungua" kama tatizo, hujasema wewe muuguzi utafanya nini. Andika: maumivu makali yanayotokana na kidonda cha tumbo, yanayothibitishwa na mama kuyapa 7 kati ya 10, kukunja uso akigeuka na kushindwa kuketi amnyonyeshe mtoto. Kwa sentensi hiyo lengo linajiandika: ndani ya saa moja baada ya dawa, mama aseme 3 au chini ya hapo na aketi kunyonyesha. Hatua nazo zinafuata. Dawa ya maumivu kama ilivyoandikwa, nusu saa hivi kabla ya kumwinua. Mto mdogo kubana kidonda akikohoa. Kumwonyesha kumlaza mtoto chini ya kwapa ili asikanyage kidonda. Kumtembeza hatua chache, kwa kuwa damu ya miguuni ikilala inaganda. Kila hatua iwe na sababu yake, na sababu isiwe kurudia hatua kwa maneno mengine.

Tathmini ndipo kalamu nyekundu hupenda kutua. "Dawa imetolewa" si tathmini, ni hatua uliyofanya. Tathmini ni "saa 1030 mama ametaja 3, ameketi, amenyonyesha dakika 15". Kama ametaja 6, andika 6 na useme umemwarifu nani. Mpango ulioshindwa kwa ukweli una thamani kuliko uliofaulu kwa kubuni, na walimu wengi wanaujua uongo wakiuona.

Kitabu cha prosija sitakawia nacho. Sainisha siku ile ile, na aliyekuona, kabla ya kuvua gauni. Wiki mbili baadaye sista amehamishiwa wodi nyingine na hakumbuki. Usisainishe ulichotazama tu kama ulichofanya. Baraza la Wauguzi linakutaka uwe umefanya, na baada ya chuo mtihani wake wa leseni unakusubiri. Kila Jumapili tazama kurasa tupu, chagua mbili, Jumatatu asubuhi mwambie sista: "Sista, wiki hii natafuta kulisha kwa mpira na kusafisha kidonda." Wanaoomba ndio wanaoitwa.

Ukijichoma sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kinga ya virusi vya ukimwi zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Ni za siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Usifiche. Kama hujakamilisha chanjo ya homa ya ini B, sindano tatu ndani ya miezi sita, ianze kabla ya leba, kwa sababu leba ina damu nyingi.

Mwezi wa Ramadhani, muulize kila mgonjwa wa sukari kama amefunga kabla ya kumchoma insulini. Wengine hawasemi kwa kuogopa kuambiwa wafungue. Sukari ikishuka chini ya 4, afungue hapo hapo. Mwambie kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa, na mwite jamaa amsaidie kukubali.

Leba itakutisha siku mbili, kisha utaipenda. Siku ya kwanza usitamani kuzalisha. Omba mama mmoja na ukae naye tangu uchungu wake kukolea mpaka saa mbili baada ya kujifungua. Patografu, chati ya maendeleo ya uchungu, itakueleweka ukiichora mwenyewe kwa mtu mmoja. Kwanza tazama fomu ya wodi: ile ya zamani huanza mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 huanza 5. Tuseme ni ya zamani. Mama amepimwa saa 1000 ana 5. Nukta inakaa juu ya mstari wa tahadhari penye 5. Mstari unapanda sentimita moja kwa saa, kwa hiyo saa 1400 unatarajia 9. Ukikuta 6, kumbuka kwamba mstari ulipita 6 saa 1100. Nukta yako iko saa tatu kulia, na mstari wa hatua uko saa nne kulia. Imebaki saa moja. Hapo huandiki na kwenda kunywa chai. Unamwita mkunga aliye zamu sasa hivi. Patografu inayojazwa yote baada ya mtoto kuzaliwa haikumlinda mtu yeyote.

Kila nusu saa weka mkono tumboni dakika 10 kamili, hesabu uchungu mara ngapi na kila mmoja sekunde ngapi. Mapigo ya mtoto sikiliza dakika nzima mara uchungu unapoachia, kwani ndipo kushuka kwake husikika. Kawaida ni 110 hadi 160. Wakati huo huo shika mapigo ya mama kifundoni. Wanafunzi wamewahi kuandika mapigo ya mama kwenye mstari wa mtoto, na wote wakaamini mtoto yuko salama.

Mtoto akitoka, mkaushe vizuri na utazame pumzi. Ikiwa hapumui, msaada wa hewa uanze ndani ya dakika ya kwanza. Alama za Apga, za kupima hali ya mtoto mchanga, zinachukuliwa dakika ya 1 na ya 5, lakini hazisubiriwi ndipo asaidiwe. Mwenzako ahakikishe hakuna pacha tumboni, kisha mama apate oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, yuniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja. Kondo likishatoka, ligeuzwe pande zote kuona kama limetimia.

Saa mbili zinazofuata ndizo wanafunzi hukimbilia kumwosha mtoto na kumwacha mama. Kaa na mama. Kila dakika 15: mapigo, presha, tumbo la uzazi, damu. Tumbo la uzazi liwe gumu kama embe bichi, chini ya kitovu. Likiwa laini au limepanda upande mmoja, kwanza muulize mkojo. Kibofu kilichojaa hulizuia kukaza. Msaidie akojoe, lisugue, pima tena. Damu usiikadirie kwa jicho, maana leso hunywa nyingi na huonyesha kidogo. Pima leso kavu kabla, pima iliyolowa baadaye. Gramu moja ni karibu mililita moja. Kavu gramu 180, iliyolowa 530, damu ni karibu mililita 350. Kama bado inatiririka, ita msaada hapo, usingoje ifike 500.